Wimbo wa Detroit haukuwa wa kupinga umeme

Tarehe 20 Septemba 2024 kampuni ya umeme ya Constellation ilitangaza kwamba itakifufua kinu namba moja cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, na kwamba umeme wake, megawati 835, utanunuliwa na Microsoft kwa miaka 20 kwa ajili ya vituo vyake vya data. Tangu siku hiyo kuna wimbo wa zamani unaorudi kwenye simu yangu kila habari za nyuklia zinapopamba moto, na cha ajabu ni kwamba hutumwa na watu wasioelewana hata kidogo. Mmoja huutuma kwa kejeli: haya, oneni wanamuziki walivyotutia hofu ya bure, leo dunia inarudi kule kule walikotukimbiza. Mwingine huutuma kwa uchungu: alitwambia, hatukusikia. Wimbo wenyewe ni “We Almost Lost Detroit” (nusura tuipoteze Detroit) wa mwimbaji Mmarekani Gil Scott-Heron, na kipande kinachosambazwa ni kile alichoimba Madison Square Garden, New York, Septemba 1979, kwenye matamasha ya kuchangisha fedha za harakati za kupinga nyuklia.

Nadhani wote wawili wanausikiliza vibaya. Wanauchukulia kama hukumu juu ya atomu, kwamba ni salama au si salama, kisha wanatafuta kama hukumu ile imethibitika. Lakini ukiusikiliza kwa makini, hasa katika rekodi ile ya jukwaani, utasikia kesi nyingine kabisa: nani aliambiwa, nani hakuambiwa, na nani angelipa kama mambo yangeharibika. Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu waliokufa, wala halifutwi na mabadiliko ya tabianchi. Na kwa sisi tulio kati ya Kilifi na Siaya, ambako Kenya imefikiria kujenga kinu chake, ndilo swali lenye uzito kuliko megawati zote zinazotajwa.

Tuanze na tamasha lenyewe. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, saa kumi hivi, kinu namba mbili cha Three Mile Island kilipoteza maji ya kupoozea na karibu nusu ya mafuta yake ya nyuklia yakayeyuka. Kilikuwa kimefanya kazi ya kibiashara kwa miezi mitatu tu. Siku mbili baadaye gavana wa Pennsylvania aliwashauri wajawazito na watoto wadogo waliokuwa ndani ya maili tano waondoke, na waliokwenda zao walikuwa wengi kuliko walioshauriwa, yapata watu 140,000. Ikumbukwe kwamba taarifa za siku zile zilikuwa zikigongana: kampuni ikisema hivi, serikali ya jimbo vile, na wakaguzi wa Washington vingine. Watu hawakukimbia mionzi ambayo wangeweza kuiona. Walikimbia kwa sababu hawakujua wamwamini nani.

Miezi sita baadaye, wanamuziki Jackson Browne, Graham Nash, Bonnie Raitt na John Hall, kupitia muungano wao ulioitwa MUSE, waliandaa usiku tano mfululizo Madison Square Garden, kuanzia Septemba 19 hadi 23, na siku ya mwisho mchana wakafanya mkutano wa hadhara kusini mwa Manhattan uliovuta watu karibu 200,000. Tangazo la Constellation lilitoka siku moja baada ya kutimia miaka 45 tangu usiku ule wa kwanza. Sidhani kama mtu yeyote pale kampuni alikuwa akiangalia kalenda ya muziki.

Tamasha la hisani la namna hii lina ufundi wake, na ni vizuri kuufahamu kabla ya kulisifu au kulikejeli. Tiketi ni mlango wa kwanza tu wa fedha. Mlango wa pili ni rekodi: kanda inapigwa kila usiku, kampuni za muziki zinatoa ruhusa wasanii wao wasikike chini ya nembo ya mwenzao, na wanamuziki wanatoa usiku wao. Mlango wa tatu ni filamu. Kwa No Nukes, jina la matamasha yale ya MUSE, vyote vitatu vilikuwepo: santuri tatu ndani ya jalada moja zilitoka mwishoni mwa 1979 chini ya kampuni ya muziki ya Asylum, na filamu ikafuata 1980. Kwa hiyo kila wimbo uliomo umechujwa mara mbili. Umechaguliwa na msanii kwa ajili ya lengo, kisha umechaguliwa na watayarishaji kwa ajili ya soko. Wimbo wa Detroit ulipita machujo yote mawili, jambo ambalo si dogo kwa mtu ambaye hadhira ya pale, wengi wao vijana wa Kizungu waliokuja kwa ajili ya roki, haikumnunulia tiketi yeye.

Kwani yeye alikuwa nani? Gil Scott-Heron alizaliwa Chicago 1949, akalelewa na bibi yake Jackson, Tennessee, kisha akahamia New York. Baba yake alikuwa mchezaji kandanda kutoka Jamaika aliyechezea Celtic ya Glasgow. Alisoma Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo kile kile alichosoma Kwame Nkrumah, na hapo ndipo alipokutana na Brian Jackson, mpiga piano aliyeshirikiana naye katika kazi zake bora za miaka ya sabini. Alikuwa mwandishi kabla ya kuwa mwimbaji: alitoa riwaya akiwa na umri wa miaka 21 hivi, akapata shahada ya uzamili ya uandishi Johns Hopkins, akafundisha chuo Washington. Muziki wake ni soul iliyokaa juu ya jazi, au jazi iliyovaa nguo za soul. Wenye maduka ya santuri hawakuwahi kujua wamweke rafu gani. Wengi wanamjua kwa shairi lake kuhusu mapinduzi na televisheni, na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu limemfanya aonekane mtu wa kaulimbiu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni hesabu. Katika shairi lake la 1970 kuhusu Mzungu aliyekwenda mwezini, hasemi kwamba roketi ni mbaya. Anasema dada yake ameumwa na panya, bili ya daktari haina wa kuilipa, na kodi ya nyumba imepanda. Kisha anauliza fedha zilikwenda wapi. Mtu anayeusikia kama wimbo wa kupinga sayansi hajausikia.

Mtindo huo huo ndio uliomfikisha Detroit. Tarehe 5 Oktoba 1966, saa tisa alasiri na dakika chache, ving'ora vya mionzi vililia katika kinu cha Enrico Fermi namba moja, kilichojengwa karibu na Monroe, Michigan, ufukweni mwa Ziwa Erie, kilomita zisizofika hamsini kusini mwa jiji la Detroit. Kilikuwa kinu cha majaribio kilichopoozwa kwa sodiamu ya majimaji badala ya maji. Kipande cha bati la zirkoniamu, kilichoongezwa ndani ya chungu cha kinu kwa ajili ya usalama (naam, usalama), kilikuwa kimeng'oka na kuziba njia ya sodiamu. Mafuta ya nyuklia katika visanduku viwili yakayeyuka kiasi. Mafundi walikizima kinu, mionzi haikuvuka kuta za jengo, na hakuna aliyekufa wala kuugua. Ilichukua zaidi ya mwaka kubaini kwamba mkosaji ni kipande kile cha bati. Kinu kikarudi kazini 1970, na 1972 kikafungwa moja kwa moja.

Haya yote yalikuja kujulikana kwa umma mpana 1975, John G. Fuller alipoandika kitabu ambacho jina lake ndilo Scott-Heron na Jackson walilolipa wimbo wao kwenye albamu ya Bridges, 1977. Kampuni iliyokuwa nyuma ya kinu, Detroit Edison, haikunyamaza: 1976 ilitoa andiko la kumjibu Fuller ambalo kichwa chake kilikanusha moja kwa moja kwamba Detroit ilikaribia kupotea. Nalitaja andiko hilo kwa sababu ninaamini lilikuwa na hoja. Fuller aliandika kama mwandishi wa vitabu vya kusisimua, na jina la kitabu lilibeba zaidi ya ushahidi. Kati ya visanduku 105 vya mafuta, kuyeyuka kwa viwili si jiji kuangamia. Mhandisi anayekasirika akiusikia wimbo huu ana haki ya kukasirika juu ya neno lile “almost”.

Lakini angalia wimbo unavyokwenda. Hauanzi na mlipuko. Unaanza na barabara kuu, na jengo la ajabu lililosimama kando yake kama mnyama wa zama nyingine, na watoto ndani ya magari wakiwauliza mama zao kile ni kitu gani, na wimbo hautoi jibu. Kisha unasema hakuna aliyesimama kufikiria watu wangesalimika vipi. Baadaye anatajwa Karen Silkwood, mfanyakazi wa kiwanda cha plutoniamu Oklahoma aliyekufa katika ajali ya gari mwezi wa Novemba 1974 akiwa njiani kwenda kuonana na mwandishi wa habari, na mwimbaji anajiuliza angetwambia nini kama angekuwa hai. Hakuna neno kuhusu nusu-uhai wa uraniamu. Kuna mama anayeulizwa na mfanyakazi aliyetaka kusema. Kwenye kanda ya Madison Square Garden anaziimba beti hizi kwa sauti nzito ya chini, bila papara, kama mtu anayekusimulia msiba wa jirani ambao nusura uwe wako. Wengine usiku ule walileta nyimbo za jua na upepo. “Power” ya John Hall, ambayo ilikuwa kama wimbo wa taifa wa harakati ile, inaomba nguvu ya jua na kuikataa ya atomu. Scott-Heron alileta jina la mahali na swali la nani alijua.

Na waliotaka kujua hawakuwa wasanii. Hili ndilo ambalo wapenzi wa wimbo na maadui zake hulisahau kwa pamoja. Mwaka 1956, miaka kumi kabla ya ajali, chama cha wafanyakazi wa magari cha Detroit, UAW, kikiongozwa na Walter Reuther, kilipinga rasmi kibali cha ujenzi wa kinu cha Fermi. Watu hawa walikuwa wakiishi kwa mashine na umeme. Huwezi kuwaita maadui wa maendeleo. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali inatoa kibali kabla ya kuthibitisha usalama, karibu na mamilioni ya watu. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1961 vyama vya wafanyakazi vikashindwa kwa kura saba kwa mbili. Kwa maneno mengine, watu wa Detroit waliuliza kwa njia zote halali, wakaambiwa waendelee kusubiri, na miaka mitano baadaye king'ora kikalia bila wao kupewa tahadhari yoyote. Mficha maradhi, kifo humuumbua; bahati yao ni kwamba safari hii aliyeumbuliwa alikuwa bati tu.

Sasa tuzipime hoja. Ya kwanza, na ndiyo nzito kuliko zote, inasema kwamba harakati za 1979 zilikuwa na gharama ambayo haikuimbwa. Umeme ambao haukutoka kwenye nyuklia ulitoka mahali pengine, na mara nyingi ulitoka kwenye makaa ya mawe na gesi, ambavyo huua watu kimyakimya kwa moshi, bila tamasha. Mfano wa karibuni ni kinu cha Indian Point, kaskazini mwa jiji la New York, kilichofungwa Aprili 2021 baada ya miaka mingi ya kupingwa. Umeme wa gesi katika jimbo lile ukaongezeka. John Hall mwenyewe, aliyekuja kuwa mbunge katika bunge la Marekani kutoka bonde la mto Hudson, alikuwa miongoni mwa waliotaka kinu kile kifungwe. Siwezi kuikwepa hoja hii. Ninaandika haya katika nyumba ambayo umeme hukatika bila taarifa. Wiki iliyopita nilikuwa nasikiliza kanda ile ile ya No Nukes taa zilipozimika, nikaimalizia gizani kwa simu yenye chaji ya asilimia 12. Mtu wa aina yangu hana ujasiri wa kumwambia mwenzake kwamba umeme ni anasa.

Hoja ya pili, ndugu yake mdogo, ni dhaifu mno: kwamba wanamuziki ndio walioua nyuklia Marekani. Hii haisimami hata kwa dakika moja. Maagizo ya vinu vipya yalianza kufutwa katikati ya miaka ya sabini, kabla ya Three Mile Island na kabla ya mtu yeyote kukodi Madison Square Garden. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 mahitaji ya umeme yalipungua kasi, riba za mikopo zikapanda, na vinu vilivyokuwa vikijengwa vikapitiliza bajeti na muda. Waliovikimbia kwanza ni wenye mabenki. Na kinu namba moja cha Three Mile Island, hiki kinachofufuliwa leo, kilifunguliwa tena 1985 harakati zikiwa bado zina sauti, kikaendeshwa zaidi ya miaka thelathini, kisha kikafungwa 2019 kwa sababu kilikuwa hakilipi mbele ya gesi ya bei nafuu. Kilichokifunga ni soko, na kilichokirudisha ni soko: mteja tajiri mwenye njaa ya umeme. Kumsukumia lawama mwimbaji ni kumpa cheo ambacho hakuwa nacho.

Upande wa pili nao una udhaifu wake. Wanaosema “alitwambia” husahau kwamba kinachofufuliwa si kinu kilichoyeyuka. Namba mbili imebaki kaburi lake. Namba moja haikuwa na ajali ile. Huwezi kuchukua wimbo kuhusu Monroe wa 1966, ukaupachika Harrisburg, mji ulio jirani na Three Mile Island, ya 2024, ukauita unabii. Tena mtu makini ataniambia: wewe unasema Scott-Heron hakuwa akipinga nyuklia yenyewe, mbona 1980 alitoa wimbo wa kutaka vinu vifungwe? Ni kweli, alitoa, na msimamo wake haukuwa siri. Sidai kwamba alikuwa katikati. Ninachodai ni kwamba msimamo wake ulijengwa kutokea chini. Mwaka 1975 alikuwa ameshaimba kuhusu Barnwell, mji wa South Carolina uliopokea taka za nyuklia za majimbo mengine, na swali lake pale lilikuwa kwa nini mzigo wa wote unatuliwa kwa wachache. Alifikia “funga” kwa sababu kila alipouliza “nani anajua na nani anabeba” alipata jibu lile lile. Mtu anaweza kuikataa tamati yake na bado asiweze kulijibu swali lake.

Iko pia hoja kwamba matamasha ya hisani ni maonyesho ya wema tu, na hapa lazima nikubali zaidi ya nusu. Angalia historia ya kanda zenyewe. Novemba 2021 matamasha ya 1979 yalirudi sokoni kwa kishindo, lakini kama albamu na filamu ya Bruce Springsteen peke yake. Ni kazi nzuri sana, sibishi, ila mnunuzi anapata dakika tisini za roki na sababu ya usiku ule imekuwa jina tu juu ya jalada. Wimbo wa Detroit nao umepata maisha mengine: kundi la hip-hop la Black Star liliuchukua mdundo wake 1998 katika wimbo wa kusifu wanawake weusi, na rapa Common akautumia tena 2007. Vijana wengi ninaowafahamu walikuwa wakiitikia kwa kichwa kinanda kile miaka kabla ya kujua kuna mahali panaitwa Monroe.

Wala si jambo jipya. Tarehe 12 Februari 1964 mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis alipiga Philharmonic Hall, New York, ili kuchangia uandikishaji wa wapiga kura weusi Mississippi na Louisiana. Kanda ile ilikatwa vipande viwili: nyimbo za polepole zikatoka kwenye albamu moja, za kasi kwenye nyingine, na ukizisikiliza leo hakuna popote utakapomsikia mkulima wa Mississippi. Miles mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kabla ya kupanda jukwaani bendi iligombana kwa sababu baadhi yao hawakutaka kupiga bila malipo. Hasira ile labda ndiyo unayoisikia kwenye ngoma za Tony Williams, lakini kura huisikii. Miaka mitatu kabla, Mei 1961, alikuwa Carnegie Hall katika tamasha la kuichangia taasisi ya tiba ambayo sisi huku tunaijua vizuri, kwani ndiyo iliyokuja kuwa Amref ya Nairobi. Katikati ya wimbo, Max Roach, mpiga ngoma na rafiki yake, alikwenda akaketi ukingoni mwa jukwaa na bango linalodai Afrika iwe ya Waafrika na uhuru uje sasa, kwa kuwa aliishuku taasisi ile kuwa na mkono wa wakoloni. Miles aliondoka jukwaani, Roach akatolewa, onyesho likaendelea. Sina haja ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi, ingawa daktari anayeruka kwenda kijijini kisicho na barabara hajawahi kunionekea kama ukoloni. Linalonivutia ni dogo zaidi: bango halina sauti. Mikrofoni haiwezi kulinasa. Rekodi ilitoka, ni nzuri ajabu, na mabishano makubwa ya usiku ule hayamo.

Ndiyo maana kanda ya Scott-Heron ina thamani ambayo rekodi nyingi za hisani hazina. Kwake sababu haikuwa kwenye bango, wala kwenye kijitabu cha programu, wala kwenye hotuba kati ya nyimbo ambayo mhariri angeikata kwa wembe. Ilikuwa ndani ya beti. Kuiondoa ilikuwa lazima uuondoe wimbo wote, na hata waliouchukua mdundo bila maneno walilazimika kuyaacha maneno kwenye santuri ya asili, yakisubiri mtu ayafuate. Kama kuna somo la ufundi kwa msanii wetu anayealikwa kwenye tamasha la kuchangia mafuriko au ukame, ni hili, na wala halihitaji awe mwanasiasa: nembo ya mfadhili na hotuba ya mgeni rasmi haviishi kwenye kanda.

Nirudi nyumbani sasa, kwa sababu kote huku swali la wimbo limeshafika. Kenya imepanga kuwa na kinu chake cha kwanza katikati ya muongo ujao. Mahali palipotajwa kwanza ni Uyombo, kijiji cha wavuvi Kilifi, karibu na Watamu, mkono wa Mida na msitu wa Arabuko Sokoke. Wakazi walipinga, na Mei 2024 polisi walitumia nguvu kuwatawanya waandamanaji. Baadaye macho ya serikali yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda ina mpango wake Buyende. Tanzania, Julai 2025, ilizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata uraniamu katika mradi wa Mto Mkuju, Namtumbo, kwa hiyo tunaweza kuwa wachimbaji kabla ya kuwa wazalishaji. Na hatupaswi kusahau kwamba kati ya wasema Kiswahili wako waliotangulia wote: uraniamu nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, mgodi uliofanywa siri kiasi cha jina lake kuondolewa kwenye ramani, na waliouchimba hawakuambiwa wanachimba nini wala kwa ajili gani.

Wanaotaka Siaya ipate kinu wana hoja nzuri: ajira, umeme wa saa zote usiotegemea mvua, na eneo ambalo limesubiri mradi mkubwa kwa miaka mingi. Mimi si mpinzani wao. Ila nawaona wakilikosea swali kwa namna ile ile ya Detroit ya 1956. Mkazi akiuliza, anajibiwa kwamba teknolojia ya kisasa ni salama. Huenda ni kweli, lakini yeye hakuuliza hivyo. Aliuliza nani atakayemwambia, kwa lugha gani na kwa njia gani. Taka zitakaa kwa nani na kwa miaka mingapi. Samaki wakikosa soko kwa uvumi tu, bila mionzi yoyote, nani atamfidia mvuvi. Ukimjibu mtu swali ambalo hakuuliza mara tatu, ya nne atachukua bango. Hapo tunamwita mpinga maendeleo, kama ambavyo wangeweza kuitwa wafanyakazi wa magari wa Detroit, watu waliokuwa wakiishi kwa mashine.

Constellation wao wameamua hata jina la Three Mile Island lisitumike tena. Kinu kilichofufuliwa kitaitwa Crane. Ni haki yao, na kinu namba moja kweli hakikukosa kitu. Ila kubadilisha jina ni dalili ya kutaka kumbukumbu ianze upya, na kumbukumbu ndiyo bidhaa ambayo usiku tano wa 1979 ulituachia kwenye santuri tatu. Hati ya mradi wa Siaya ikiwekwa mezani, mimi nitaanza na ukurasa unaosema simu ya kwanza, saa kumi alfajiri, inapigwa kwa nani: waziri, mkurugenzi, au chifu anayelala mita mia nane kutoka kwenye uzio. Nikiukuta, nitaendelea kusoma hadi kwenye megawati.